Vitufe Vyenye Milio

Nyumbani wote walimwita Bonyeza, hata watoto wa dada yake ambao ilifaa wamwite mama mdogo. Alikuwa mbunifu wa rimoti za darasani, vidude vya kushika kiganjani, visivyo na waya, kila kimoja na vitufe vinne. Mwalimu akiuliza, mtoto anabonyeza jibu lake, nalo linatokea kwenye skrini ya mwalimu bila mtoto kunyoosha mkono wala kuchekwa. Utotoni Bonyeza alichekwa sana, na kazi hiyo aliianza kwa moyo mweupe.

Moyo huo sasa ulikuwa umechoka. Karakana ilikuwa chumba cha uani kwa dada yake, na mwenye karakana ni shemeji. Walimsomesha, wakamlisha, basi hakuwa na mdomo mbele yao. Akitoka chumbani yuko kazini, akitoka kazini yuko jikoni kwa dada. Dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa jirani. Akigusia kuondoka, dada humkumbatia na kumuuliza aende wapi, na wao ni damu moja. Mikono ile ya upendo, Mungu anisamehe, ilikuwa mizito kuliko pingu.

Ndipo chuo cha ufundi cha mji wa mbali kikamwita akafundishe. Asipofika mwanzo wa wiki, nafasi anapewa mwingine. Alisali, akapiga moyo konde, akamwambia shemeji. Shemeji alinuna, mwishowe akakubali, ila kwanza majaribio ya shuleni yapite.

"Rimoti zikipokelewa, begi nakubebea mwenyewe," alisema. "Zikikataliwa, unajua hapa hakuna mwingine wa kuzitengeneza upya."

Siku ya majaribio walikaa nyuma ya darasa. Mwalimu wa hesabu akauliza swali la sehemu, skrini ikaonyesha darasa zima limepata. Akauliza jingine, wamepata tena. Mwalimu akasema kwa mwendo huo kesho anaachana na sehemu, anaingia mada mpya.

"Anza kufunga mizigo, shem," shemeji akamnong'oneza.

Bonyeza alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Tak, ilitoka dawati la mbele, alipokaa msichana ambaye wenzake walimwita Profesa. Mara darasa zima, tak, tak, tak. Swali lililofuata Profesa akabonyeza, dup. Darasa zima, dup.

Kosa lilikuwa la Bonyeza mwenyewe. Kila kitufe alikipa ugumu wake na mlio wake, ili kidole cha mtoto kikijue bila kutazama, na jirani asipate cha kuchungulia. Macho aliyafikiria, masikio akayasahau.

Shemeji hakuwa amegundua, mwalimu naye alikuwa akitabasamu. Bonyeza angenyamaza tu, na mwanzo wa wiki angekuwa mbali. Lakini kando yake alikaa mtoto mmoja, rimoti kaibana kifuani, ubaoni hatazami kabisa, sikio kalitega mbele. Huyo kesho angeachwa na sehemu zake asizozijua, na skrini ingeapa kwamba anazijua.

"Mwalimu," akasema, "hebu waambie sikio moja waliegemeze begani, la pili walizibe kwa mkono, ndio wabonyeze."

Watoto wakaangua kicheko. "Sasa jibu tutalijuaje?" mmoja akalalamika.

Walipobonyeza, skrini ikajaa majibu ya kila namna. Mwalimu akaacha kutabasamu, akazikusanya rimoti, akawarudishia Bonyeza na shemeji.

Njiani shemeji hakugomba. "Mimi sikukuzuia, shem," alisema. "Umejifunga mwenyewe."

Dada alikuwa ameshapigiwa simu, na chai ameshaandaa. Akamshika mashavu, akamwambia ni Mungu tu hakutaka aende. Bonyeza alimcha Mungu, na neno hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, maana hakuthubutu kulikana. Akanywa chai yake, akaenda karakana, akafungua rimoti ya kwanza na kuanza kung'oa vitufe. Dada akamfungia mlango kwa nje, taratibu, ili watoto wasije kumsumbua.