Mgao wa kopo la baba

Leo asubuhi nimemkuta baba yangu na wazee wawili wanagawana unga mweupe kwa kijiko, juu ya karai.

Msiite polisi.

Ni asidi amino, virutubisho vya kusaidia misuli ya wazee. Nilimletea Jumapili maana miguu imemwishia nguvu. Daktari alisema kijiko kimoja kwa siku, ale mayai na maharage, na atembee.

Kutembea ndiko alikokataa. Tangu masika hajavuka geti.

"Shikamooni wazee wangu. Baba, si hiyo ni dawa yako?"

"Hawa tulichimba nao duara moja, shimo moja, wakati wa rashi ya dhahabu, watu walipomiminika machimboni," akasema, hata hakuniangalia. "Kitu kikipatikana kinagawanywa. Wewe mwenyewe ulisomeshwa na mgao."

Ni kweli bwana.

Ila wazee walikuwa watatu, mafungu manne.

"Na hili la nani?"

"La Marwa. Goti linamsumbua, hajaja."

Akalifunga kwenye karatasi, akachukua fimbo, akatoka. Geti akalivuka. Marwa anakaa kule juu mlimani, nyuma ya shule, na mimi nimebaki na kopo tupu nacheka peke yangu.

Amerudi saa sita, jasho linamtoka, akauliza kopo jingine linakuja lini.

"Na uchukue kubwa," akasema. "Kwenye lile duara tulikuwa kumi na mmoja."

Kama baba yako alichimba na baba yangu, jitokeze hapa tuchange.