Sare ya Nesi Haipakwi Rangi

Fundi alikuwa amepaka nyumba za watu kwa miaka thelathini na moja, na sifa yake ilikuwa moja: haruki. Ukuta aliokwisha kuumaliza ungeweza kuupitia kwa tochi na jicho la mke mwenza, usione hata nukta iliyokosa rangi. Nyumba yake mwenyewe haikuwa na rangi, lakini hilo halihesabiki, kinyozi hajinyoi.

Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakigonga meza, katika darasa la kuchora kwa rangi za maji. Mkewe, nesi, angestaafu Ijumaa ijayo. Fundi alitaka kumpa picha ya sare yake nyeupe ikiwa imeanikwa kambani, vile alivyoiona jioni zote za ndoa yao. Darasa lilikuwa la Jumamosi tatu. Mbili zilishakwenda na maji.

Ile ya kwanza aliomba kopo la rangi nyeupe.

"Hapa hatutumii nyeupe, baba," mwalimu alimwambia. Alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wake. "Nyeupe ni karatasi yenyewe. Unapaka anga, unapaka ukuta, sare unaizunguka tu."

"Yaani niruke?"

"Uruke."

Fundi alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue shati msibani.

Aliruka. Kisha karatasi ilipoanza kukauka, akaliona lile pengo limemkodolea macho, na mkono ukaenda wenyewe. Sare ikawa ya buluu. Jumamosi ya pili ikawa ya kijivu, mkono wa kwanza wa rangi na mkono wa pili, safi, bila michirizi.

"Hii ya askari magereza," alisema jirani yake wa mezani, karani wa benki, mwanamke mwenye ulimi usio na breki. "Mkeo anastaafu hospitali au jela?"

Jumamosi ya mwisho Fundi alikwenda polepole. Anga, kamba, vibanio viwili, ukuta wa nyuma. Sare ikabaki karatasi tupu. Hapo hapo akamkabidhi karani brashi zake zote tatu.

"Dada, nishikie. Nikiziomba usinipe, hata nikikuita mama."

"Lete." Karani akaziweka chini ya paja, akazikalia.

Dakika tano hazikuisha.

"Dada, kuna kakona pale chini."

"Sina brashi za kakona."

"Nagusa tu."

"Umegusa Jumamosi mbili, tumeona."

"Mama, nakuomba."

"Hata ungeniita bibi. Angalia dirishani huko."

Akaangalia dirishani. Vidole vyake vilikuwa vikipaka hewa, juu chini, juu chini, mpaka karatasi ikakauka na mwalimu akamfungia picha kwa gazeti.

Ijumaa jioni nesi alirudi na maua ya kuagwa, sare bado mwilini. Alilifungua gazeti palepale mezani, amesimama. Fundi alikaa nyuma yake, mikono mfukoni.

"Hapa umeruka," nesi akasema, kidole juu ya picha. Huwezi kuishi na fundi rangi miaka yote hiyo ukakosa jicho.

"Nimeruka."

"Wewe?"

"Mimi."

Nesi akarudi nyuma hatua tatu, kama alivyomwona mumewe akifanya mbele ya kila ukuta, akakaza macho. Akajitazama kifuani, akaitazama picha tena.

"Kola imekunjamana," akasema hatimaye. "Mimi sijaenda kazini na kola hivi hata siku moja."

"Subiri nilete brashi, ni kazi ya dakika..."

"Thubutu!"

Akaikumbatia picha kwa mikono miwili, akaenda kutafuta msumari na nyundo, akaitundika kwenye ukuta ambao tangu ujengwe haujawahi kuona hata mkono wa kwanza.