Mzee Aliyechechemea

Diploma sina. Kazi ya radio, kupiga picha za mifupa, nilijifunza kwa kusimama kando ya mashine hapa Likasi, na najivunia hilo. Juma lililopita mkuu wa hospitali alitaka kujua kama nafaa kuwa mwalimu. Akaniletea wanafunzi niwaonyeshe namna ya kumlaza mgonjwa wa goti, naye akasimama mlangoni kutazama.

Wakaingia watu wawili kutoka Kikula, mzee na mke wake, wameshikana mikono. Mzee anachechemea. Mwanafunzi mmoja akataka kuuliza mgonjwa ni nani.

"Huulizi," nikamwambia. "Fundi anasoma mwendo."

Nikamlaza mzee ubavu, nikamkunja goti kidogo, nikaweka mfuko wa mchanga kwenye kifundo.

"Papa munganga, minye..." mzee akaanza kujieleza, akiniita daktari.

"Nyamaza, papa. Ukitingishika picha inaharibika."

Akanyamaza kwa heshima. Nikawaeleza wanafunzi kila pembe, nikapiga. Picha ikatoka safi, hata mkuu akaisifu. Ndipo nikamwuliza mzee goti lilianza kuuma lini.

"Haiumi," akasema. "Minye nilivunjika zamani ku mugodi, ikapona vile. Nilisindikiza bibi yangu."

Mke wake akainuka kitini taratibu, ameshika ukuta.

"Na minye, papa, utanipiga lini? Ao nijifunze kwanza kuchechemea?"

Wanafunzi wakacheka. Mkuu hakucheka. Alimgeukia yule mwanafunzi aliyetaka kuuliza.

"Mulaze mama weye," akamwambia. "Papa fundi atatazama."