Taa Nyekundu ya Kamera

Kosa hili ni langu, uzee hauhusiki. Nilirekodiwa hapa Kasulu nikitengeneza kiti, ili video iwafundishe useremala kina mama wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wakiipenda, ningeajiriwa kuwa mwalimu wao.

Neema, mpiga picha, alitoka kupokea simu. Kamera ilibaki na taa nyekundu. Televisheni yangu ikizimwa huwaka nyekundu, basi nikaamini kamera nayo imezimwa. Ungio la mguu wa kiti nilikuwa nimelikata vibaya, likawa linacheza. Nikalijaza gundi na unga wa mbao, nikanong'ona, "Hawa wa kambini hawatajua."

Baadaye Neema akauliza, "Babu, nipunguze sehemu za video?"

"Usikate hata kidogo, mwanangu. Wauone ufundi wote."

Siku ya kuwaonyesha kina mama nilikaa mbele, juu ya kiti kile kile. Video ikafika pale. Mnong'ono wangu ukanguruma kwenye spika. Mama Furaha, Mkongo aliyekuwa kiongozi wao, akafunga daftari lake, akasimama.

"Papa, tumejua," alisema. "Sasa inuka polepole, hicho kiti kisikuangushe."