Moshi Mweusi Siku ya Mahafali

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa nakaa ndani ya gari nikitazama saa. Mume wangu, aliyeendesha malori miaka mingi kabla ya kupata kazi ya ghala Dar es Salaam, alinipa masharti kwa simu kama mganga anavyompa mgonjwa dawa. Gari letu ni la dizeli, lenye turbo, kile kidude kinachosukuma upepo kwa nguvu kuingia ndani ya injini.

"Turbo haitaki papara," aliniambia. "Washa, iache ingurume dakika tatu, oili ipande kwanza. Usikanyage sana mpaka ipate joto. Na ukifika usizime papo hapo, iache ipumue."

Nikafuata. Mimi ni muuguzi, masharti nimeyazoea. Nilikuwa natoka Nachingwea mjini kwenda zahanati moja huko Mnero, na wagonjwa walishazoea kuniona nimefika halafu nimebaki ndani ya gari linalonguruma, kama mtu asiyetaka kushuka. Jirani yangu alihamishia jiko lake upande wa pili wa nyumba kwa sababu ya moshi wangu. Sikumlaumu.

Pamoja na adabu yote hiyo, gari likaanza kuchoka. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri tu. Likikuta mlima linalegea, linamwaga moshi mweusi, na chini ya boneti nasikia sauti ya kufoka kama ya nyoka. Nikalipeleka gereji. Fundi wa kwanza alibadilisha chujio la hewa. Wa pili alisema nimenunua dizeli chafu, akaosha tangi. Wa tatu alifungua boneti, akachungulia kama mtu anayechungulia chungu cha jirani, akafunga.

"Mama, turbo imekufa. Unaiamsha ghafla."

"Naipasha moto kila siku, dakika tatu."

"Basi unaipasha kupita kiasi."

"Na hiyo sauti inayofoka?"

"Turbo lazima ilie, mama. Isingelia ndiyo ungeogopa."

Nilirudi nyumbani nimeuma meno. Watu wazima watatu, majibu matatu, na yote mwisho wake yaliangukia kwenye mguu wangu wa kulia. Hata mume wangu, nilipompigia, akasema, "Lakini kweli unasubiri?" Nikamkatia simu.

Hiyo ilikuwa wiki ya mahafali ya binti yetu. Alikuwa anamaliza kidato cha nne katika shule ya bweni upande wa Ruangwa, na alikuwa amechaguliwa kusoma risala ya wahitimu. Alinipigia kwa simu ya matroni mara mbili. "Mama, usichelewe. Risala inasomwa mwanzoni." Nikamwahidi.

Siku yenyewe niliamka mapema kuliko kawaida. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja tangu jana yake kutoka Naipingo, amevaa kitenge kipya, ameshika mashada ya maua ya karatasi mapajani. Nikawasha gari. Tukakaa. Dakika tatu zikapita, nikaongeza mbili.

"Tunamngoja nani?" akauliza.

"Injini, mama. Ipate joto."

Akatazama nje, jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. "Na joto lote hili?"

Tulikwenda vizuri mpaka vilima vya kwanza. Hapo gari likalegea. Nikashusha gia, nikashusha tena. Moshi ukafunika barabara nyuma yetu. Bodaboda zikatupita, abiria wakigeuka kututazama. Kisha akatupita mzee wa baiskeli aliyefunga gunia la korosho nyuma, anasukuma kwa miguu, na akatusalimia kwa heshima. Nilitamani kulia.

Mama mkwe akafungua mlango gari likiwa bado linatambaa. "Mwanangu, simama nishuke. Labda mimi ndiye mzito." Nikamkatalia, akashuka hivyo hivyo. Akapanda mlima kwa miguu na mashada yake, mimi nikimfuata polepole kama gari la msiba. Alifika juu kabla yangu.

Huko juu palikuwa na kibanda cha fundi wa pancha. Nilisimama kuomba maji tu, kwa sababu nilidhani injini imechemka. Yule bwana alikuwa anaziba tyubu ya pikipiki. Akainua kichwa.

"Dada, kanyaga mafuta kidogo."

Nikakanyaga. Sauti ikafoka.

"Mimi si fundi wa injini," akasema. "Lakini hiyo sauti naijua. Huo ni upepo unatoka."

Akachukua beseni lake la maji ya sabuni, lile lile la kutafutia tundu kwenye matairi, akapaka povu kwenye mpira mnene unaopeleka upepo kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini. Hakuna kitu. Nikakanyaga tena, na upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uiname, mapovu yakaanza kutoka. Mpira ulikuwa umepasuka. Injini ikitulia ufa unajifunga. Ukiidai nguvu, unafunguka na upepo wote unapotea.

Nilisimama pale nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani. Wiki na wiki za kukaa ndani ya gari nikitazama saa! Na ile sauti nilikuwa naisikia kila siku. Mgonjwa akiniambia kifua kinalia simwambii kifua lazima kilie.

Yule bwana akauzungushia ule ufa vipande vya tyubu, akavikaza kwa waya, na kazi hiyo ikachukua muda kwa sababu mpira ulikuwa wa moto na vidole vyake havikuweza kuushika. Nilimsihi aharakishe. Akanijibu kwa upole kwamba nikimharakisha nitarudi.

Tulipoondoka, gari lilipanda kama limesukumwa na mkono. Mama mkwe alipiga kigelegele. Mimi sikuweza hata kutabasamu. Nilikuwa natazama saa.

Tulifika viti vinapangwa kimoja juu ya kingine na mpiga muziki anakunja nyaya. Binti yangu alikuwa amesimama kwenye kivuli cha darasa na mwalimu wake wa Kiswahili, shingoni ana shada moja alilovalishwa na mwalimu huyo. Bibi yake akamrundikia yote aliyokuja nayo.

"Gari, mwanangu," nikaanza.

"Najua, mama. Shikamoo."

Njia ya kurudi alikaa nyuma na bibi yake, kwa ruhusa ya siku mbili. Nilimwomba anisomee ile risala, nisikie hata kidogo. Karatasi ilikuwa mkononi mwake, nimeiona kwenye kioo.

"Nimeshaisoma, mama," akasema, bila ukali. "Ilikuwa ya watu waliokuwepo."

Bibi yake alimgusa goti. Wiki iliyofuata nilipata mpira mpya kutoka Dar es Salaam, na tangu hapo gari halijanisumbua. Picha ya mahafali ipo sebuleni. Mwalimu wa Kiswahili ndiye aliyesimama mahali pangu, na amependeza.