Tulivyokwama Columbus na Mtoto Anayetapika

Mama yangu aliletwa Louisville mwezi wa kumi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na mimi nilikuwa sijamwona kwa miaka kumi na mmoja. Siku nilipopandishwa ndege yeye alibaki, kwa sababu faili lake lilikuwa limepotea mezani kwa mtu fulani. Nilimwacha kwenye foleni ya maji, ameshika ndoo. Tangu hapo nilikuwa na neno moja moyoni: siku atakayoniona tena, aone kwamba kumwacha kulikuwa na maana. Aone nimenenepa, nimevaa vizuri, nimebeba mtoto wa kike mwenye mashavu, na mume wangu anaendesha gari lisilohitaji kusukumwa. Ndiyo maana tangu Novemba nilimlisha binti yangu wa mwaka mmoja na miezi kumi kama mbuzi wa harusi.

Tunakaa Buffalo, West Side, kwenye nyumba ya mbao ambayo upepo huingia bila kubisha hodi. Kazi yangu ni kutunza wazee, kuwalisha na kuwageuza kitandani, na mkuu wangu alinipa siku sita za Krismasi kwa uchungu wa mtu anayetoa figo. Mpango ulikuwa mwepesi. Tarehe ishirini na tatu tunatoka, tunalala Columbus kwa kaka wa mume wangu, kesho yake tunafika kwa mama. Nilimnunulia mtoto gauni jekundu la mahameli, nikalikunja, nikalikunjua, nikalikunja tena.

Mtoto alianza kutapika tulipofika Columbus. Hakutapika njiani, saa zote tano, ambako kulikuwa na theluji ya kufukia ushahidi. Alingoja mpaka mke wa shemeji afungue mlango na kunyoosha mikono kumpokea, akamtapikia shingoni.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Mtu wa nchi hii, mtoto wake akitapika, hufunga mlango. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, na anayesikia mwenzake anaumwa akabaki nyumbani kwake atasemwa mpaka kwenye matanga yake. Mke wa shemeji, ambaye ninamwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa amenizidi umri na sauti, alinawa shingo, akachukua simu, akaandika kwenye kikundi cha kanisa kwamba mtoto wa ndugu zetu wa Buffalo ni mgonjwa. Hakuongeza neno lingine.

Kesho yake saa tatu asubuhi wakaanza kuja. Akina mama wa maombi walikuja na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kwaya ilikuja na ngoma, wakasema ni ile ndogo. Wazee watatu wa kanisa walikaa kwenye kochi bila kuvua makoti. Viatu vilijaa mlangoni mpaka mlango ukakataa kufunga, na baridi yote ya Ohio ikaingia kuomba pamoja nasi. Kila mtu alimbeba mtoto, akampapasa paji la uso, akambusu, akampitisha kwa mwenzake. Mimi nafanya kazi na wagonjwa, najua ugonjwa kama huu unatembea kwa mikono. Nilijaribu kusema hivyo kwa adabu. Yaya akanivuta jikoni.

"Batu bamekuya kuona mugonjwa," akaniambia. "Utabafukuza je?"

Nikaenda kuwapa chai.

Mchungaji alifika mwisho. Akamwekea mtoto mkono kichwani, akaomba kwa kirefu, akiwataja hata viongozi wa nchi tatu. Alipomaliza alimwuliza mtoto kama anapokea uponyaji. Binti yetu anazungumza Kiingereza cha chekechea. "No," akasema, kisha akatapikia tai ya mchungaji. Watu waliitikia amina kwa nguvu, kwa sababu pepo likitoka lazima litoke na kitu.

Mchana mama alipiga simu kuuliza tuko wapi. Nikamwambia theluji imefunga barabara. Ulikuwa uongo mtupu, dirishani jua lilikuwa likiwaka. Sikutaka habari ya kwanza anayoipata kuhusu mjukuu wake iwe ya beseni la matapishi. Akasema basi, bugali atasonga kesho. Nilikata simu nikaona aibu.

Siku ya Krismasi mtoto aliamka mzima. Alikula ndizi mbili na kipande cha tatu alikipaka kwenye televisheni. Nikatoa gauni jekundu, nikasema tunaondoka. Mume wangu akawa anatazama soksi zake. Kumbe kikundi cha kanisa kilikuwa kimeamka kabla yangu: kiongozi wa akina mama anatapika, mpiga ngoma anatapika, na wazee wawili kati ya wale watatu. Mchungaji alihubiri dakika tano, ibada fupi kuliko zote tangu aitwe na Bwana, akatokea mlango wa nyuma akikimbia. Sasa watu wamekuja kumwona mgonjwa wako, wakaugua. Unaendaje zako Louisville bila kwenda kuwaona? Hata mimi, na hasira zangu zote, nilirudisha gauni kwenye begi.

Basi tulijaza uji kwenye sufuria zao wenyewe, tukazunguka Columbus Krismasi nzima kuwapa pole watu tuliowaambukiza. Katika nyumba ya tano tulikuta wagonjwa wa nyumba ya pili. Walikuwa wameinuka kitandani, wamejikokota kuja kumpa pole mwenzao, na wamemletea soda. Nilimwambia mume wangu kwamba hili sasa ni kiwanda. Akaniomba nisikufuru siku ya kuzaliwa kwa Bwana.

Tarehe ishirini na sita aliugua yeye. Mume wangu akiugua huwa anatoa wosia. Alinikabidhi mtoto, gari na ndugu zake wote, akajifunika mpaka kichwani. Shemeji, aliyekuwa bado mzima, akanipa koleo, kwa sababu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la Ohio ndilo hilo. Theluji niliyomdanganyia mama ilikuwa imefika kweli. Nilizoa huku nalia, nimevaa buti za shemeji. Ilikuwa imebaki siku moja tu ya kwenda Louisville, na siku moja ya kurudi Buffalo, kwa sababu tarehe ishirini na tisa wazee wangu walikuwa wananingoja niwape uji. Nikikosa safari hii, mkuu wangu hatanipa ruhusa nyingine mpaka kiangazi. Nikiwa huko nje mama alipiga tena. Yaya akapokea simu yangu, na yaya hajui kudanganya, akamweleza yote. Kisha tumbo likamkata akakimbilia chooni, na habari kwamba mama amepiga ikabaki huko huko.

Asubuhi ya tarehe ishirini na saba nilishika usukani mwenyewe. Mume wangu aliegemea dirisha kama marehemu anayesafirishwa, mtoto nyuma akiimba. Mama hakupokea simu. Mdogo wangu wa kiume, ambaye mama anakaa kwake, alikuwa zamu kwenye ghala la vifurushi, na huko simu zao hufungiwa kabatini. Sikuwa na wasiwasi. Karibu na Louisville nilisimama kituo cha mafuta, nikamvika mtoto gauni jekundu, nikapaka rangi ya midomo, nikavaa koti na kofia mpya.

Mlango ulifunguliwa na jirani wa mama, mwanamke wa Kirundi aliyeachiwa ufunguo. Alitutazama na gauni letu na kofia yetu.

"Mama yako ametoka alfajiri," akasema. "Ameenda Columbus kumwona mgonjwa."

Mama ambaye hajui Kiingereza cha kuomba hata maji, ambaye hajawahi kwenda peke yake hata dukani, alikuwa amepanda gari la muumini aliyekuwa anaelekea huko. Simu aliiacha kwa makusudi, imeviringishwa kwenye kitenge chini ya mto, kwa kuwa mtu hasafiri na kitu cha thamani. Tulikuwa tumepishana naye mahali fulani kwenye barabara kuu. Mezani kulikuwa na sahani zilizofunikwa na chandarua, pamoja na kisahani kidogo cha plastiki. Niliketi kwenye kitanda chake, nikanusa mto wake, nikalia mbele ya mtu nisiyemjua.

Yaya akapiga. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Mama yako iko hapa," akasema. "Anauliza mugonjwa iko wapi."

Tukageuza gari. Nusu ya njia nikahisi mate yakijaa mdomoni. Mifuko ya kutapikia ilikuwa imekwisha tangu juzi, kwa hiyo nilitapikia kofia mpya. Baadaye nilitapikia kando ya barabara mara tatu, malori yakipita, mume wangu akinishika koti kwa nyuma kwa mkono dhaifu. Koti nalo halikupona. Yeye akachukua usukani, na mimi nikalala kiti cha mbele nikihesabu vibao na kuyalaani makanisa yote ya Ohio.

Tulifika kwa shemeji jua likianza kushuka. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, kati ya mpiga ngoma na mzee wa kanisa, ambao tayari walikuwa wamekuja kumwona mgonjwa mpya, yaani mimi, maana mume wangu alikuwa amepiga simu njiani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, na yote yakapotea. Nikamsukuma mtoto mbele yangu, na gauni lake, na mashavu yake, ili atazame huko asinitazame mimi, rangi ya midomo imefika sikioni na koti linanuka.

Mama alimgusa mtoto shavu. Akasema amenona, Mungu asifiwe. Kisha akampita.

Akanishika nyuma ya shingo kwa mkono mmoja na paji la uso kwa mwingine, vilevile alivyonishika nilipokuwa na miaka sita. Akaniongoza mpaka kwenye beseni, akapiga magoti nyuma yangu. Nilianza kumwomba msamaha. Sikujua ni wa nini, wa theluji au wa kambi.

"Tapika tu," akasema. "Miye niko hapa."

Nikatapika, na nikalia, na hakuniachia. Binti yangu akaja mbio, akajipenyeza kati yetu, akamsukuma bibi yake kifuani kwa mikono miwili. "Mine," akasema. Mama hakuhitaji mtu wa kumtafsiria.

"Huyu ni wa kwangu," akamjibu. "Weye ngoya."

Mtoto akakaa sakafuni na gauni lake, akangoja.