Momose Amehama Tena

Siku daktari alipomwambia Chizuru kwamba uvimbe ulio chini ya sikio lake la kushoto lazima utolewe, mumewe hakuwa na kamera hata moja nyumbani. Mgeni angeona ajabu, kama kumkuta muuza mkaa anatetemeka kwa baridi jikoni kwake, maana Momose Kunihiko alikuwa akipiga picha tangu kabla hawajaoana. Waliomjua pale Suwa, mji wa Japani ulio kando ya ziwa, hawakuona ajabu yoyote. Walisema tu, "Momose amehama tena," wakaendelea kunywa chai.

Kuhama ni neno la kikundi chao cha picha, wazee wanaokutana kila mwezi katika ukumbi wa kata kuoneshana kazi zao. Lenzi ya kampuni moja haiingii kwenye kamera ya kampuni nyingine, kwa hiyo mtu akimchoka mtengenezaji wake huuza kila kitu, mpaka mikanda na mifuko, akaanza upya kwingine. Wako wanaohama mara moja maishani, kwa huzuni, kama mtu anayeacha mke. Momose alihama kama wanasiasa wanavyohama vyama: kwa hotuba.

Alipomwoa Chizuru alikuwa upande wa lenzi nyeusi, enzi za filamu, akiapa kwamba atazikwa nazo. Lenzi zilipoanza kujitafutia ukali wa picha zenyewe, akahamia kwa wale ambao lenzi zao kubwa zimepakwa rangi nyeupe, akasema Weusi ni watu wa makumbusho. Filamu ilipokufa akarudi kwa Weusi, akasema Weupe wanapenda kuonekana kuliko kuona. Kiuno kilipoanza kumsumbua akahamia kamera ndogo ndogo, akahubiri wepesi hadi watu wakamkimbia, kisha akazitupa akisema ni vitu vya kupigia picha keki. Akarudi kwa Weupe. Sasa, uzeeni, ameuza vyote ili anunue kamera ya aina mpya, isiyo na kioo ndani, inayotambua jicho la mtu na kulishika lisiiponyoke. Kamera hiyo ilikuwa bado haijafika madukani.

Na picha zenyewe? Zilikuwa zile zile. Ziwa likiwa limeganda. Ukungu juu ya ziwa. Bata maji wawili, jua linachomoza, mlima kwa mbali. Momose aliweza kubadili kila kitu isipokuwa mahali aliposimama. Kila alipokosa kutajwa katika maonyesho ya mwaka alijua kosa liko wapi: safari hii ni lenzi, safari ile ni rangi, safari nyingine ni kamera kushindwa kuona gizani. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na Momose alikwisha kusingizia majua yote yaliyokuwa yakiuzwa nchini Japani.

Chizuru aliyajua haya yote kwa miguu yake. Yeye ndiye aliyebeba chupa ya chai alfajiri za baridi kali, yeye ndiye aliyeambiwa, "Simama pale nipime mwanga." Alisimama. Alipigwa picha, mwanga ukapimwa, akaambiwa atoke. Pengine hakuna mwanamke pale Suwa aliyepigwa picha nyingi kuliko yeye, wala hakuna aliyebaki na chache kama yeye, kwa sababu jioni mumewe alizifuta zote. Zilikuwa za kupimia. Mtu hahifadhi rula baada ya kupiga mstari.

Nyuma ya mgongo wa mumewe, pale ziwani, mikono ikiwa ndani ya mikono ya koti, Chizuru alijenga taratibu dharau isiyo na kelele. Haikuwa chuki. Chuki inataka nguvu, naye nguvu zake alizitumia kumlea binti yao Nao na kutunza nyumba. Dharau ilijitunza yenyewe, kama achari ya majani kwenye pipa: unaweka jiwe juu, unaiacha, kila mwaka inakolea.

Daktari hakumficha. "Neva inayoendesha uso imepita humo humo kwenye uvimbe," alisema. "Nitajitahidi kuiacha. Lakini siahidi."

"Nitaweza kucheka?"

"Upande wa kulia, bila shaka."

Alirudi nyumbani akamkuta mumewe ameingiza miguu chini ya blanketi la meza yenye hita, anasoma kijitabu cha kamera kwa kioo cha kukuzia. Chizuru alivua koti, akaketi.

"Baba Nao, nataka unipige picha kabla ya Jumanne."

"Jumanne kuna nini?"

"Upasuaji wangu."

Momose alishusha kioo. Alifikiri kwa kweli, hilo Chizuru alimkubalia. "Kamera inafika Ijumaa," alisema.

"Ijumaa nitakuwa na bandeji."

"Bandeji zinatoka, mama Nao."

"Bandeji zitatoka. Uso huenda usirudi. Nataka picha ya mazishi yangu iwe na uso huu."

"Mazishi gani tena? Daktari kasema utapona."

"Nitapona, halafu siku moja nitakufa, kama watu wote. Siku hiyo sitaki watu waje kuomba mbele ya sura iliyoporomoka kama ukuta wa udongo. Nipige hata na simu."

"Simu." Alilitamka kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu. "Miaka yote hii nimepiga picha, halafu ya mke wangu iwe ya simu? Watu watasemaje?"

"Watakuwa wameshika ubani. Hakuna atakayeuliza imepigwa na nini."

"Karasawa atauliza."

Ilikuwa kweli, Karasawa angeuliza.

Karasawa Teruo, fundi bomba mstaafu, aliishi ng'ambo ya reli. Alikuwa wa kambi ya Weupe tangu ujana na hakuhama hata siku moja, jambo alilojivunia kama mtu anayejivunia kutobadili fulana. Alipouza vitu vyake, Momose alisimama kwenye karamu ya mwaka mpya ya kikundi akatangaza kwamba kamera za Weupe hutoa ngozi ya njano, mtu mwenye afya akipigwa picha hutoka kama mgonjwa wa ini. Tangu siku hiyo wawili hao walisalimiana kwa vichwa tu, kama majogoo waliotenganishwa na ua.

"Basi nenda kamwazime Karasawa kamera yake," Chizuru alisema. "Siku moja tu."

"Mimi? Nikamwombe Karasawa?"

"Ni kwa ajili yangu."

"Ningeenda," alisema Momose, akarudisha kioo machoni. "Lakini vitufe vyao vimekaa kinyumenyume. Na ngozi ingetoka ya njano. Nisingekutendea haki."

Chizuru alikitazama kipara kilichoinamia kijitabu. Alijiuliza ni lini hasa alipoacha kutegemea kitu kutoka kwa kichwa kile, akashindwa kukumbuka, kama mtu asivyokumbuka siku mvua ilipoacha kunyesha. Kisha akainuka, akaenda kwenye simu ya ukutani, akampigia Karasawa mwenyewe, huku mumewe akisikia.

"Momose anajua?" Karasawa aliuliza.

"Yuko hapa, anasikiliza."

Ikaja sauti ya mtu anayejitahidi asifurahi: "Nakuja Jumapili, mama. Na lenzi zote."

Alikuja na mifuko mitatu na miguu ya kamera, kana kwamba anakwenda kumvizia dubu. Theluji ya bustanini ilirusha mwanga mweupe hadi ndani. Chizuru alikuwa amevaa kimono ya kijivu, ile yenye nembo ya ukoo, na amepaka poda kidogo juu ya uvimbe. Aliketi kwa magoti, akaweka tabasamu alilolifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni.

Momose alikuwa ameahidi kutoka. Hakutoka. Alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Ungemsogeza dirishani," alisema.

"Yuko dirishani," alijibu Karasawa bila kugeuka.

"Zaidi. Hiyo yako haioni gizani."

"Inaona kuliko ya kwako, iliyoko Tokyo ndani ya boksi."

"Tulia basi ufanye kazi. Mtu anaumia magoti."

"Anayemuumiza ni nani? Mimi nimekuja na kamera. Wewe umekuja na mdomo."

Chizuru alilishikilia tabasamu lake. Lakini tabasamu ni kama birika: ukiliacha motoni kwa muda mrefu, maji hukauka ndani na birika hubaki limekaa vile vile.

"Mimi nasema kwa faida yake," Momose aliendelea. "Ukishapiga, ngozi itakuwa ya njano, naye hana nafasi ya pili. Hilo ndilo ninalosema."

"Njano iko machoni mwako, mzee. Ulizitumia hizi ukazisifu mpaka tukakuomba unyamaze."

"Nilikuwa sijaona bora."

"Na sasa umeona? Umeona wapi? Kwenye kijitabu?" Karasawa aliinama nyuma ya kamera. "Njoo. Njoo uone hiyo njano."

Akabonyeza. Hakumwambia Chizuru ajiandae, hakumtazama hata yeye. Alipiga kama muuza nyama anavyokata kipande kidogo kumthibitishia mteja kwamba ng'ombe hakufa kwa ugonjwa. Wazee wawili wakaikaribia skrini ndogo ya nyuma, vichwa vikigusana.

Karasawa akaikuza picha kwenye skrini.

"Ngozi," Karasawa alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Si njano sana," alikiri Momose.

"Nionesheni na mimi," Chizuru alisema.

Karasawa alisita. "Hii ulikuwa bado hujajiandaa, mama. Tutapiga nyingine."

"Nionesheni."

Alimletea kamera. Kwenye skrini mwanamke mwenye kimono ya kijivu alikuwa amegeuza kichwa kidogo. Kope zimeshuka nusu, macho yametulia juu ya kitu kilicho pembeni ya lenzi, na pembe ya kushoto ya mdomo imepanda, kidogo tu, kiasi cha unene wa punje ya mchele. Alikuwa akitazama watu wawili na hakuwaonea hata hasira. Chizuru hakuwahi kuiona sura ile, lakini aliitambua kwa ndani, kama mtu anavyotambua ngazi za nyumba yake gizani. Ndiyo aliyokuwa nayo pale ziwani, nyuma ya mgongo. Ndiyo aliyoosha nayo vyombo.

Walipiga nyingine nyingi baada ya hapo. Alitabasamu katika zote. Zilikuwa nzuri, na zingefaa kwa mazishi ya mwanamke yeyote.

Uvimbe ulitoka wote. Neva haikuokoka. Daktari aliinama kitandani akasema samahani, na Chizuru akamwambia asijali, maneno yakimtoka na upepo upande mmoja.

Jumamosi Momose alifika wodini, kamera mpya ikimning'inia kifuani, nyeusi, inanukia plastiki. Alieleza jinsi inavyolitafuta jicho lenyewe, jinsi isivyotoa sauti, jinsi alivyopoteza miaka mingi kwa vioo. Wapiga picha wote wa Suwa watahama, alisema, wapende wasipende. Kisha akainyanyua, akamlenga mkewe. Mashine ikalishika jicho la kushoto mara moja, lile lisilofumba tena, likabaki wazi na kavu, nayo haikuliachia. Momose alitazama kwa muda. Akaishusha bila kubonyeza.

"Mwanga wa humu mbaya," alisema.

Chizuru alitaka kumtazama kwa ile sura. Aliiita, kama alivyoiita maisha yake yote bila kufikiri, na hakuna kilichokuja. Upande wa kulia ulijaribu, ukatoa kitu kinachofanana na kicheko. Momose akadhani mkewe anamtabasamia, akamtabasamia naye, akaanza kueleza kuhusu betri.

Hapo ndipo Chizuru alipoogopa. Hakuwa ameogopa kwenye kisu. Alimsikiliza mumewe akiongea kwa furaha mbele ya uso usioweza tena kumjibu, akaona miaka iliyobaki ikija, yote hivi, kila ziara, kila mlo, yeye anadharau na mumewe anaona tabasamu.

Siku iliyofuata Karasawa alileta bahasha ya picha zilizosafishwa. Chizuru alizipitia zote, akarudi kwenye ya kwanza, akamnyooshea.

"Hii. Ikuze. Fremu nyeusi."

"Una uhakika, mama? Kuna hii hapa, umecheka vizuri..."

"Hii."

Momose alichungulia. Masikio yake yaliiva polepole yakawa mekundu. "Lakini hapo unatutazama kama uchafu," alisema.

"Ndiyo."

"Watu watakaokuja kwenye mazishi watadhani—"

"Mazishi bado. Nataka iwe tayari nikitoka hapa."

Chizuru alirudi nyumbani barafu ikiwa bado haijayeyuka. Picha ya mazishi haitundikwi mtu akiwa hai. Jirani aliyepita kumpa pole aliiona akasahau alichokuja kusema. Chizuru aliitundika sebuleni, ukuta unaoelekea mahali Momose anapoketi mezani, kwenye kimo cha macho ya mtu aliyekaa. Aliinyoosha kwa kidole mpaka ikasimama sawa. Kisha akapakua supu ya miso na wali, akamwita mumewe.

Momose alikuja, akaketi, akainua kichwa.

"Iondoe hapo, mama Nao."

Chizuru alimsogezea bakuli lake. Uso wake, nusu umelala na nusu umepoa, haukusema lolote, wala haukuhitaji tena. Momose alisubiri kidogo. Halafu akainama juu ya supu, akala hadi mwisho bila kuinua macho.